Thomas Bewick, Mchonga Picha za Ndege

Siku moja niliwaambia watoto wa darasa la tatu wachore kuku katika madaftari yao. Nilipopita kuyatazama, nikaona jambo la kunishangaza. Kuku wote walikuwa wameelekea upande mmoja, wote wameinua mguu mmoja, na mikia yao yote ilikuwa ya namna moja. Nikafungua kitabu chao cha kusomea, nikamkuta kuku yule yule amesimama vile vile. Na wakati huo huo, nje ya mlango wa darasa, kuku wa jirani walikuwa wakichakura takataka, wala hapana mtoto hata mmoja aliyegeuza kichwa kuwatazama.

Sikuwakasirikia, kwa kuwa mimi mwenyewe nilifundishwa vivyo hivyo. Lakini jioni ile nilimkumbuka mtu mmoja wa Uingereza wa zamani, jina lake Thomas Bewick, aliyechonga picha za ndege na wanyama katika vibao vya miti. Nataka kuwaeleza wasomaji habari za kazi yake: alikopata mambo ya kuchora, jinsi alivyoyafanya, mahali aliposhinda na mahali aliposhindwa. Maana naona kuwa kazi yake yatuhukumu sisi waalimu na wazazi.

Bewick alizaliwa mwezi wa Agosti mwaka wa 1753 katika shamba dogo liitwalo Cherryburn, karibu na mto Tyne, kaskazini ya Uingereza. Alikuwa mwana wa kwanza kati ya wana wanane. Baba yake alikuwa mkulima aliyepanga pia shimo dogo la makaa ya mawe. Hawakuwa maskini wa kuombaomba, wala hawakuwa matajiri. Mtoto huyu alipelekwa shule ya padre katika kijiji cha Ovingham, naye hakuipenda sana hesabu wala Kilatini. Alichokipenda ni kuchora. Pembezoni mwa vitabu vyake kulipojaa picha, akachukua chaki, akachora juu ya mawe ya makaburi na sakafu ya baraza ya kanisa. Baadaye mtu mmoja akamhurumia akampa karatasi, naye akachora kwa kalamu na wino, na kwa maji ya matunda ya mwituni. Baba yake alimkaripia kwamba apoteza wakati kwa mambo ya upuuzi.

Nani alimfundisha kuchora? Hapana. Katika habari za maisha yake, alizoanza kuziandika mwaka wa 1822 kwa ajili ya binti yake, asema kuwa picha alizoziona utotoni zilikuwa chache mno: vibao vya nyumba za wageni vilivyochorwa ng'ombe, farasi, samaki na mbwa wa kuwinda, nembo ya mfalme kanisani, na karatasi kubwa za bei rahisi ambazo wanakijiji walizibandika katika kuta za nyumba zao. Hizo ndizo zilizokuwa chuo chake. Mengine yote aliyapata mtoni, msituni na zizini.

Yako mambo mawili ya utoto wake ambayo naona ndiyo mizizi ya kazi yake yote. La kwanza, watu na mbwa walimzunguka sungura, naye Thomas akamkamata akamkumbatia kifuani. Mnyama yule akalia kama mtoto. Alidhani atapona, akampa mtu mzima mmoja aliyemwomba. Na yule mtu akamvunja mguu, kisha akamwachia akimbie kwa miguu mitatu ili mbwa wapate mchezo. La pili, alimtupia ndege jiwe akampata, akamwokota. Yule ndege akiwa mkononi mwake akamtazama usoni, kana kwamba amwuliza sababu. Thomas hakuua ndege tena kwa jiwe. Lakini mwenyewe akiri kwamba baadaye ndege wengi waliuawa kwa ajili yake, maana watu walimletea ndege waliopigwa bunduki apate kuwachora. Mtu asemaye hivi juu ya nafsi yake ni mtu wa kuaminiwa. Nawe ukizitazama picha zake, waona macho ya ndege wale hayakutiwa kama kitone cha wino tu. Ni macho ya kiumbe akutazamaye.

Alipotimiza miaka 14, mwaka wa 1767, alipelekwa Newcastle kwa fundi mmoja jina lake Ralph Beilby, awe mwanafunzi wake kwa miaka 7. Hapa nataka vijana wasikilize sana. Wako wanaodhani kuwa mwenye kipawa hana haja ya kufundishwa kazi. Bewick alikuwa na kipawa, walakini miaka ile alikaa akichora majina katika vibao vya milango, mihuri, vijiko vya fedha, na vibao vya madini vya majeneza. Kazi hizo hazikumpa sifa, ila zilimpa mkono usiotetemeka. Kisha Beilby alipoletewa kazi ya kuchonga picha katika miti alimwachia kijana wake, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuipenda. Mwaka wa 1776 chama kimoja cha London kikampa Bewick tuzo ya gini 7 kwa picha zake za hadithi. Alizichukua fedha zile akampa mama yake.

Mwaka huo huo akaenda London, mahali ambapo mafundi wote walitamani kwenda. Kazi aliipata, lakini hakukaa hata mwaka mmoja. Aliandika nyumbani ya kwamba ni afadhali kuchunga kondoo katika kilima cha kwao kuliko kukaa London, hata kama kwa kukaa huko angefanywa mkuu wa serikali. Akarudi Newcastle, akashirikiana na Beilby. Na kwa miaka mingi, hata wazazi wake walipofariki mwaka wa 1785, alikuwa akitembea kwa miguu kila juma kwenda Cherryburn kuwaona, maili 12 hivi, katika mvua, upepo na theluji. Msomaji asidhani ya kuwa safari zile zilikuwa nje ya kazi yake. Mto uliofurika, daraja la ubao mmoja, mzee mwenye mzigo aliyeinama kinyume cha upepo, haya yote aliyakuta njiani, nayo yote yamo katika vitabu vyake.

Sasa nieleze jinsi alivyofanya kazi, maana pasipo kuijua njia yake hatuwezi kuipima. Wasomaji wa pwani wamewaona mafundi wa nakshi wakichonga milango ya Lamu na Unguja. Fundi huondoa mti mahali pasipotakiwa, na ua au jani hubaki limeinuka. Picha ya kupigwa chapa hufanywa kwa njia ya namna hiyo: sehemu iliyobaki juu hushika wino, na sehemu iliyochongwa hutoka nyeupe katika karatasi. Tena ni lazima fundi aichore kinyume, kushoto kuwe kulia, kama maandishi ya muhuri.

Zamani wachongaji wengi wa Ulaya walitumia mbao zilizopasuliwa kwa urefu wa mti, na kisu. Nyuzi za mti katika ubao wa namna hiyo zimelala, nazo hukikamata kisu na kukipotosha. Bewick alitumia mti mgumu sana uitwao boksi, uliokatwa kwa upana kama tukatavyo gogo, hata uso wake ukaonyesha duara za miaka. Juu ya uso huo chuma chaweza kwenda kila upande bila kukwama. Wala hakutumia kisu. Alitumia vyuma vidogo vyenye ncha, vile vile alivyovitumia katika fedha na shaba. Hakuwa wa kwanza kuijua njia hii, lakini yeye ndiye aliyeifikisha mahali ambapo hapana aliyeifikisha kabla yake.

Faida yake ilikuwa mbili. Ya kwanza ni ya mpiga chapa. Picha ya kuchorwa katika shaba yataka mashine yake peke yake, maana wino hukaa ndani ya mifuo. Lakini kibao cha mti huwekwa pamoja na herufi za risasi, na maneno na picha vikatoka kwa mara moja. Hivyo kitabu cha picha kiliweza kupatikana na watu wasio matajiri. Tena kibao cha boksi ni kigumu, chaweza kutoa nakala maelfu kwa maelfu kabla ya kuchakaa.

Faida ya pili ni ya macho. Kila alipopitisha chuma palitoka mstari mweupe. Kwa hiyo hakufanya kama mtu atiaye wino mweusi juu ya karatasi nyeupe. Alianza na giza, akaleta nuru kidogo kidogo, kama mtu afunguaye dirisha katika chumba cheusi. Unyoya wa ndege hauna mistari myeusi pande zote. Ni nuru juu ya nuru. Bewick aliliona jambo hili, akaupa kila unyoya mstari wake mweupe. Na vitu vya mbali, kama vilima na miti ya ng'ambo, aliushusha kwanza uso wa kibao kwa kuukwangua, ili karatasi isikandamizwe sana mahali pale na wino utoke hafifu. Ukiitazama picha isiyozidi kiganja cha mkono, waona ndege aliye karibu, nyuma yake kijito, nyuma ya kijito shamba, na nyuma ya shamba ukungu.

Kazi hii ya vitabu hakuwa akiifanya mchana. Mchana alifanya kazi za watu katika karakana, apate chakula cha nyumba yake. Picha za kitabu chake cha kwanza alizichonga nyumbani jioni. Kitabu kile cha wanyama wa miguu minne kilitoka mwaka wa 1790. Kisha kikafuata kitabu cha ndege wa Uingereza: sehemu ya kwanza, ndege wa nchi kavu, mwaka wa 1797, na ya pili, ndege wa majini, mwaka wa 1804.

Tuvipime vitabu hivi. Katika kile cha wanyama, ng'ombe, mbwa, kondoo na farasi wa Uingereza ni wazuri sana. Waweza kumjua mbwa wa mchungaji kwa jinsi asimamavyo. Lakini kitabu kile kilitaka wanyama wa dunia yote, wakiwamo wanyama wa kwetu, kiboko, twiga na kifaru. Wanyama wengine wa kigeni aliwaona katika maonyesho ya wasafiri. Wengine aliwatoa katika vitabu vya watu. Twiga hai hakufika Uingereza katika nyakati zile mpaka mwaka wa 1827, na kiboko hai mpaka mwaka wa 1850, yaani miaka 60 baada ya kitabu kutoka. Mtu wa Rufiji au wa kando ya ziwa Nyanza akionyeshwa kiboko wa Bewick atajua mara moja ya kuwa mchoraji hakuwahi kumsikia akikoroma majini usiku. Mkono ni ule ule, chuma ni kile kile, boksi ni ile ile. Lakini mnyama hana uhai. Hapo fundi mkubwa amekuwa sawasawa na watoto wangu wa darasa la tatu.

Naye alijifunza. Alipotaka kufanya kitabu cha ndege, mwaka wa 1791 alikwenda Wycliffe, mahali palipokuwa na ndege wengi waliokaushwa na kujazwa, wa bwana mmoja aliyekuwa amefariki. Akakaa huko muda wa miezi miwili hivi akiwachora. Mtu mwingine angeridhika, kwa kuwa ndege wote walikuwa pale mbele yake. Yeye aliporudi nyumbani aliona kwamba ndege wale wamekakamaa, mabawa na mashingo hayakukaa kama Mungu alivyoyaweka. Basi, picha nyingi za safari ile akaziacha, akangoja mpaka awapate ndege walio hai au waliouawa muda si mrefu. Mwenye kuitupa kazi ya miezi miwili kwa sababu si kweli, huyo ndiye nimwitaye fundi.

Lakini kwa maoni yangu picha zake zilizo bora si zile za ndege. Habari za ndege zilipokwisha kabla ya mwisho wa ukurasa, palibaki nafasi tupu, naye akaijaza kwa picha ndogo. Humo ndimo alimotia kijiji chake. Yuko mtu avukaye mto ameshika mkia wa ng'ombe ili asilipe ushuru wa daraja, na kofia yake inakwenda zake. Hasara ya kofia ni kubwa kuliko ushuru. Yuko kipofu aongozwaye na mbwa wake. Yuko mzee maskini aguguna mfupa, na mbwa amkodolea macho. Katika kitabu cha wanyama yuko mtoto mdogo amvutaye mkia mwana-farasi, na mguu wa farasi uko tayari kupiga. Yaya yuko mbali na mpenzi wake, na mama mtu anakuja mbio. Hapana neno lililoandikwa chini yake, lakini kila mzazi aitazamaye moyo wake hupiga. Hayo ni mafundisho yasiyo na mhubiri.

Si kwamba zote ni za kusifiwa. Nyingine zina mzaha mkavu mno, na maumivu ya maskini yamefanywa kichekesho. Moja ilionyesha jambo la faragha waziwazi, hata nakala nyingine zikapakwa wino kwa mkono kuisetiri. Tena heshima yote si ya Bewick peke yake. Maneno mengi ya kitabu cha wanyama yaliandikwa na Beilby, nao wakagombana juu ya jina la nani liandikwe katika kitabu cha ndege, kisha ushirika wao ukavunjika. Na baadhi ya zile picha ndogo zilifanywa kwa mikono ya wanafunzi wake, kama Robert Johnson na Luke Clennell. Mchongaji mkubwa ni kama mti mkubwa. Watu husifu kivuli, wakasahau mizizi mingi.

Kazi yake ya mwisho yaonyesha moyo wake wote. Alitaka kurudisha zile karatasi kubwa za bei rahisi alizoziona utotoni, zibandikwe tena katika nyumba za wanakijiji na kuwafundisha wema. Akachonga farasi mzee, mifupa mitupu, aliyewatumikia watu maisha yake yote, sasa ameachwa mvuani angoje kufa. Bewick alifariki tarehe 8 Novemba 1828 kabla ya kuimaliza, akazikwa Ovingham, karibu na baraza ile aliyoichora kwa chaki. Mwaka wa 1832 mwanawe Robert aliipiga chapa vile ilivyokuwa. Mtoto aliyemkumbatia sungura hakuwa ameondoka ndani ya yule mzee.

Basi wazazi wenzangu na waalimu wenzangu, neno langu ni hili. Hatuna upungufu wa vitabu vyenye picha siku hizi, wala si vibaya mtoto kuvitazama. Lakini mtoto afundishwaye kunakili tu atakuwa na mkono mwepesi na macho yaliyofumba. Ataijua nyumba ya kitabuni asiijue ya bibi yake. Atamchora simba asiyemwona, na kunguru aliye juu ya paa asimjue mdomo wake. Na asiyeona kiumbe vizuri hawezi kumhurumia. Yule aliyemvunja sungura mguu alikuwa na macho mawili kama Thomas, ila hakutazama.

Juma lililofuata niliwatoa watoto wale nje, nikawaambia wakae kimya chini ya mwembe wawatazame kuku kwa muda mrefu pasipo kushika kalamu. Kisha wakachora. Kwa kweli picha zile zilikuwa mbovu kuliko za kwanza. Miguu ilikuwa mirefu mno, mabawa yalipotoka, na mtoto mmoja alichora kuku aliyeinamisha kichwa hata kikapotea kabisa kati ya miguu, asijue la kufanya zaidi. Lakini hapakuwa na kuku wawili waliofanana. Picha ya mtoto yule nimeibandika ukutani, maana ndivyo kuku anywavyo maji ya shimoni.